Mtumbwi wa Buya Uliosifiwa

Msimwone Buya wa Kulesa kimya vile, Kiingereza kilimtesa huyo! Famau, mchuuzi wa Kipini, alikuwa akimleta Mzungu mtoni, na Mzungu alitaka kondoo wa kitoweo. Buya alikuwa naye kondoo. Alikuwa pia na mtumbwi mpya wa mkuyu, aliouchonga kwa tezo msimu mzima ili ampeleke bintiye Mwanasha kwa mumewe, kijiji cha Hewani. Aliupenda mno, akiufunika mikeka jua lisiupasue.

“Angalia, mzee wangu,” Famau alimwonya. “Kwao chombo cha majini ni ‘ship’, unaikata. Kondoo ni ‘shiip’, unaivuta. Ukikosea, umemtolea mtumbwi wako!”

Lo! Buya aliogopa kwelikweli. Akawa anajizoeza mtoni: anapiga kafi mara moja, “Ship!” Halafu anasukuma pondo mpaka mwisho, “Shiiiip!” Mwanasha alicheka hadi mchi ukamtoka mkononi. Lakini mzee alishika, tena barabara.

Mzungu akaja. Kondoo hata hakumtupia jicho. Famau akiwa bado anahangaika na mizigo, yeye alikwenda moja kwa moja ukingoni, akafunua mikeka, akaupapasa mtumbwi. “Gudi ship!” akasema. “Veri gudi ship!”

Buya alilisikia neno limekatwa: ni mtumbwi. Katika ukoo wao, mgeni akisifu kitu chako, unampa kabla hajaketi. Babake alishatoa fahali hivyo hivyo, huku analia. Majirani walisimama tu, hakuna aliyeelewa hilo neno. Ole wake aliyesoma! Angebaki mjinga kama wao, angekuwa salama.

Akamtazama Mwanasha. Kisha akacheka meno yote nje.

“Shiip!” akapaza sauti, akimkokota kondoo. “Shiiip!”

“Ship,” alisema Mzungu, akiuonyesha mtumbwi.

“Naam, bwana! Shiip! Mnono!” Akamtia kamba mkononi.

Famau alifika mbio, mikono kichwani. “Lahaula! Mzee Buya, nilikufundisha nini?”

“Uzee, mwanangu,” Buya alijibu kwa unyonge. “Kwangu mimi zote sauti moja.”

Kulesa nzima ilimcheka. Mzungu naye alicheka, akaenda zake na kondoo.

Harusi ilipokwisha, Buya akampakia bintiye. Walipokaribia Hewani, Mwanasha aliuliza, “Baba, kweli hukumwelewa yule?”

Buya aliugonga mtumbwi ubavuni. “Ship,” alisema, akaikata safi kabisa, na wote wawili wakacheka mpaka mtumbwi ukayumba.

Mwanasha alishuka, akasimama mbele ya mlango wa mumewe, akageuka. “Mtumbwi mzuri, baba,” alisema taratibu. “Mzuri sana.”

Buya alisita, pondo mkononi. Mtoto huyu sasa alikuwa mke wa watu, wa kijiji cha Hewani, kwake yeye mgeni halali, na alikuwa amesema kwa lugha ya nyumbani.

Mzee alirudi Kulesa kwa miguu, akicheka na kufuta machozi njia nzima.