Kamba ya Meneja

Kuna watu hawajui kupumzika, na ukiwalazimisha wanaugua. Mwanamke huyu alikuwa wa kabila hilo. Kazi yake ilikuwa kukagua usalama viwandani: ngazi zilizolegea, nyaya zilizochubuka, mitungi ya kuzimia moto iliyokaa miaka bila kuguswa. Wafanyakazi wakimwona tu getini walikumbuka ghafla kuvaa glavu. Mumewe, dereva wa malori ya safari ndefu, alimwita Mkaguzi hata nyumbani, na jina likamganda. Sasa mtu kama huyo unampeleka mapumziko kando ya ziwa, mahali ambapo kila kitu kinateleza, halafu unategemea atulie? Haya bwana.

Walikuwa wanne kwenye gari: Mkaguzi, mumewe, baba yake Mkaguzi, na mbwa wa mzee aitwaye Meneja. Jina alipewa na mzee mwenyewe, kwa sababu, alisema, mbwa huyu hafanyi kazi yoyote ila kuwafuata wanaofanya. Mzee alikuwa fundi bomba maisha yake yote. Siku hizi kumbukumbu zilikuwa zinamtoroka, na alipokuwa na siku nzuri alilifanyia mzaha jambo hilo: kichwa changu kinavuja, alisema, na vipuri vyake havitengenezwi tena. Asubuhi alimjua binti yake vizuri, akamtania kuhusu unene. Jioni akamwita "mama" kwa adabu, kama anavyomwita nesi wa zahanati.

Meneja hakumsahau hata siku moja. Ndiye aliyemwamsha mzee kwa pua ya baridi, ndiye aliyemtoa nje, na mzee alipopotea njia, ndiye aliyetembea naye mguu kwa mguu mpaka nyumbani, mkono wa mzee umekaa juu ya mgongo wake. Daktari alimwambia Mkaguzi waziwazi: mkimpoteza huyu mbwa, mzee naye hamtakuwa naye muda mrefu. Mtunzeni sana. Mkaguzi hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Tangu siku ile roho yake ilikuwa mikononi, na mikono yenyewe ilimshika mbwa.

Ndiyo maana walipofika kwenye ile nyumba ya kupanga, kabla hata mizigo haijashushwa, tayari alikuwa amepiga magoti nyuma ya friji. Akatoa sumu ya panya, akaitupa. Akaokota ndoano mbili za samaki kwenye majani. Akapita juu ya gati, akizikanyaga mbao moja moja, akakuta misumari imetoa vichwa. Kisha akaona kando ya matete maji yamefunikwa na utando wa kijani, mzito kama rangi ya ukuta. Mlinzi wa nyumba, mtu mpole aliyekaa kwenye nyumba ndogo nyuma ya kilima, alimthibitishia. Utando ule mbwa akiunywa, au akilowa kisha akajilamba, anaweza asione kesho.

Basi likizo ikaishia hapo. Kwa Mkaguzi, namaanisha. Mumewe aliendelea na yake, amejinyoosha kwenye kiti cha kamba, anamwangalia mkewe akimvalisha mbwa jaketi la kuelea la rangi ya chungwa.

"Mbwa ana jaketi," alisema, "sisi wengine tumekuja na mikono mitupu. Mimi nikizama nishike nini, mkia?"

"Wewe unakunywa maji ya ziwa kwa ulimi?"

"Bado hujaniona nikiwa na kiu."

Mkaguzi hakucheka. Meneja alikuwa ameshajivua lile jaketi kwa kujibingirisha mchangani na sasa anatimua mbio kuelekea majini, naye akamfuata kandambili mkononi. Akamrudisha. Mbwa akatoroka tena. Wakati wa chakula Mkaguzi alikula amesimama, jicho moja kwenye sahani, jingine kwenye matete, hatulii kama kuku anayetaka kutaga. Hata maji ya kunywa aliyasahau kooni akapaliwa. Mumewe alimwambia akae, akakaa, na kabla kiti hakijapata joto alikuwa ameinuka.

Mwisho akachukua kamba. Akamfunga Meneja kwenye nguzo ya veranda, kivulini, na bakuli la maji safi mbele yake. Kama kuna kitu Mkaguzi alikijua duniani ni kufunga fundo lisilofunguka. Alipomaliza akavuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu asubuhi. Jaketi lilibaki limeanikwa kwenye kiti, kavu.

Mzee alitoka chumbani, akaitazama kamba.

"Huyu amefanya nini?"

"Hajafanya kitu, Baba. Ni kwa usalama wake."

"Hajafanya kitu, na amefungwa."

"Maji yale yatamdhuru. Nataka akae na wewe miaka mingi."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akarudi ndani. Baada ya kitambo akatoka tena, akaitazama kamba kama anaiona mara ya kwanza, akauliza vilevile: huyu amefanya nini? Mkaguzi akajibu vilevile. Ya tatu, ya nne. Kila mara swali lilikuwa jipya kwa mzee, na kila mara lilimchoma binti yake palepale. Alipouliza tena, Mkaguzi alimjibu kwa mkato, na akaona aibu papo hapo. Akampeleka akalale kidogo, akamfunika shuka.

Mumewe akaondoka na gari kwenda kununua mkate na mkaa. Hapohapo umeme ukakatika, pampu ikazima, na bomba la jikoni likakohoa hewa tupu. Mkaguzi alichungulia chumbani: mzee amefumba macho. Alichungulia verandani: mbwa yupo, kamba ipo. Akapanda kilima kwenda kwa mlinzi kumwuliza habari za pampu, na kwa vile alikuwa ameshafika, akaanza pia habari za misumari ya gati. Mwenye tabia yake haiachi.

Kutoka chini Meneja alianza kubweka. Mlinzi akageuza kichwa. Mkaguzi hakujali, tena alifurahi, maana mbwa anayebweka ni mbwa aliyepo. Kila mbweko ulimwambia kwamba Meneja hayuko majini. Akaendelea na misumari, na mbao za kubadilisha, na kwa nini hakuna kibao cha onyo. Kubweka kukageuka, kukawa kilio kirefu chenye kukwamakwama, kama mtu anayekabwa.

"Mama," mlinzi alisema, "huyo mbwa anaita mtu."

Alishuka kilima bila kuaga. Meneja alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, mkanda umemkaba shingo, ulimi nje. Bakuli lilikuwa limepinduka kitambo, kabla ya purukushani hii, maana sakafu ilishakauka. Chumbani shuka limekunjwa vizuri na kitanda kitupu. Bafuni beseni halipo. Hakuhitaji kufikiri sana. Fundi bomba amemwona mbwa wake na bakuli lisilo na maji, amefungua bomba, halikutoa kitu. Na maji yote yale yako pale mbele.

Mzee alikuwa ziwani, mbali kupita matete, maji yamemfika kifuani. Beseni lilielea mbele yake na yeye alilifuata.

"Baba!"

Sauti yake iligonga ng'ambo ikarudi, na mzee akageukia ng'ambo. Akapiga hatua kuelekea huko. Mkaguzi akaita tena, naye akapiga nyingine, maji yakamfika mabegani. Hapo akaelewa kwamba anamwua baba yake kwa kumwita, akaziba mdomo kwa mikono miwili. Aliingia majini mpaka magotini, tope likamshika miguu likamvuta. Hakujua kuogelea. Mtu wa tahadhari kabla ya hatari, na hakuwahi kujifunza kuogelea, kwa kuwa hakuwahi kuona sababu ya mwenye akili kuingia kwenye maji.

Alijing'oa, akarudi mbio verandani. Fundo lilikuwa limekazwa na kuvutwa kule kote, gumu kama jiwe. Alilichokonoa kwa kucha, likamshinda. Fundo lake mwenyewe. Akaliacha, akafungua mkanda wa shingoni.

Meneja alipita katikati ya utando wa kijani bila hata kuutazama. Mkaguzi alimwona akipasua maji, kichwa kidogo cheusi, akamwomba Mungu kwa ajili ya wote wawili kwa pumzi moja, asijue ataje nani kwanza. Mbwa alimfikia mzee, akamzunguka, akajipitisha chini ya mkono wake. Mzee aliacha beseni liende zake. Aliweka mkono juu ya mgongo ule kama afanyavyo kila jioni, akageuka, wakaja. Polepole, bila haraka yoyote, kama wanaotoka dukani.

Mlinzi alikuwa ameshafika, akaingia hadi kiunoni akampokea. Mzee alikaa kwenye kiti cha kamba amefungwa taulo mbili, anatetemeka, lakini mzima, anapumua vizuri. Mlinzi akakimbia kumpigia simu mume wa Mkaguzi arudi na gari. Mkaguzi alikuwa amekamata chupa zote za maji ya kunywa waliyokuja nayo na anammiminia Meneja moja baada ya nyingine, anamsugua kwa mikono, anamzuia asijilambe. Alilia bila kujificha.

"Mama," mzee alimwita. Alimtazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyemtendea wema. "Wewe ni wa hapa?"

Mikono ya Mkaguzi ilisimama. "Ndiyo," alisema.

"Nina ombi. Binti yangu yuko hapa karibu, atarudi sasa hivi. Usimwambie kwamba nilikuwa majini."

"Kwa nini nisimwambie?"

"Ni mtoto mzuri sana. Ananipenda mno yule, hata halali." Mzee aliinama mbele, akashusha sauti, akaonyesha kwa kidevu ile kamba kwenye nguzo. "Lakini akijua, atanifunga na mimi."

Meneja alijikung'uta, akawarushia maji wote wawili. Mkaguzi alijifuta uso kwa mkono uliolowa.

"Sitamwambia, mzee wangu."

"Apa."

Akaapa.