Mashimo Manne Katika Msalaba

Msalaba wa shaba wa ukoo ulipotea siku ya kuondoa matanga ya baba yao, na Bertin ndiye aliyeitwa mwizi. Aliyemwita hivyo ni kaka yake Eugène, mbele ya watu wote. Bertin alikuwa akitoboa mabamba ya shaba kuchukua sampuli kiwandani Shituru. Nani mwingine angejua soko la shaba? Wakamtoa kwenye baraza la ukoo. Eugène akakalia kiti cha baba, kisha akaleta msalaba unaong'aa, akasema amewachongeshea mpya huko Kakontwe, ili maiti zao zisikose kitu cha kuwekwa kifuani kabla ya kaburi.

Miaka sita Bertin alilimeza neno lile, halikushuka. Halafu akafa shangazi. Kwenye mazishi Bertin akaushika ule msalaba mpya, na mkono wake ukaujua uzito wa ule wa zamani. Akamwomba mama yao, Clémentine, aliyeutunza sandukuni, amwazime.

"Uurudishe muzima," mama alisema. "Ule ni wa siku yangu."

Maabara ya kiwanda ilikuwa ya Arlette. Aliuelekezea mashine yake ya miale, akasoma.

"Papa Bertin, hii haikusafishwa na umeme wa kiwanda. Iko na chuma, iko na kobalti. Ni shaba ya mababu, ya tanuru la udongo. Mutu ameiosha na asidi ionekane mupya."

Bertin alicheka hadi machozi. "Basi ni yeye aliuficha! Toboa."

"Ya nini? Ngozi yake ya juu imesema. Nakuandikia karatasi. Kitu kama hiki hakitobolewi."

"Yaya Eugène atasema ngozi ilipakwa. Bamba la shaba tunalitoboa pembe nne ndipo tunaliamini. Toboa mikono yote minne."

"Miye? Hapana."

Bertin akatoboa mwenyewe, kwa keekee nene ya mabamba. Shaba ya zamani haivumilii. Mkono wa nne ukakatika. Vumbi likasema yale yale yaliyosemwa na ngozi.

Jumapili akasimama tena barazani, akaisoma karatasi ya Arlette.

"Rudia pale pa kobalti," alisema mjomba Mathieu.

Akarudia mara tatu, akiyatafuna maneno kama nyama. "Yaya, mbona unatoka jasho? Hicho kiti kiko na moto? Simama, weye mwizi uliyenipa mimi jina lako!"

Eugène akasimama, akatoka, akasahau kofia. Akahamia Kakanda.

Ndipo mama akanyoosha mkono. Bertin akamwekea mapajani msalaba na kile kipande. Mama akapitisha kidole katika kila shimo.

"Uliovunjika hauwekwi kifuani," alisema Mathieu, akitazama chini.

Mama alikufa kabla mvua hazijaisha. Eugène hakuja kuzika. Bertin alikipata kiti cha baba, na hakijutii kisasi chake. Lakini hesabu ni hii: mashimo manne, mkono mmoja wa msalaba, kaka mmoja, na mama mmoja aliyezikwa kifua kitupu.