Jeti ya Makere

Pikipiki ilizimika kwenye mwinuko kabla ya Villawood, na kaka yangu Irambona akaisukuma hadi nyumbani kwetu Fairfield, huku ughaibuni, akiwa na sare nyeupe ya kiwanda cha mikate. Nilipomwona anaingia getini na jua ndio linachomoza, saa ambayo huwa yuko kazini, nilijua hakufika. Sikumwuliza. Nilimpa maji, akanywa akiwa amesimama.

Kaka yangu huingia kazini Auburn saa tisa usiku, wakati hakuna treni. Alipopiga simu kueleza, bosi alimjibu aje Jumatatu kwa wakati wake, la sivyo yuko mtu anayeingojea hiyo nafasi. Na kazi hiyo ndiyo aliyoitegemea kumleta mke wake, Thacienne, aliyebaki kambini Nyarugusu na mtoto ambaye Irambona hajawahi kumbeba. Kila Jumapili Thacienne akipiga simu, kaka huwasha pikipiki na kumsogezea simu asikie. Alipokuwa dereva wa bodaboda kule Makere, jirani na kambi, mkewe alimtambua kwa mlio kabla hajatokea. Sasa alitaka kuujua na mlio wa huku.

"Yule mzee aliniuzia kitu kibovu," Irambona alisema. "Ataichukua anirudishie pesa zangu."

Akampigia. Simu ilipokelewa na binti wa yule mzee, akasema baba yake amefariki. Tukamwuliza baba yake aliitengenezaje ile injini. Binti hakujua. Alichojua ni kwamba baba yake aliifanyia kila kitu mwenyewe, hakuipeleka kwa fundi hata siku moja, na hakupenda mtu aiguse.

Jumamosi akaja Wekesa. Ni Mkenya, anafanya kazi kwenye duka la matairi Auburn, na pikipiki za watu wa kanisani kwetu ni yeye anayezitazama.

"Sasa, buda. Umeniitia mgonjwa ama maiti?"

"Mgonjwa," Irambona alisema. "Jumatatu lazima atembee."

Wekesa aliizunguka akikwaruza kidevu. "Pikipiki ya dukani naijua. Lakini hii, mzee ameifungua akaifunga vile yeye alitaka. Nisipojua aliifunga aje, nitakuwa nabahatisha tu. Na aliyejua ako kaburini. Basi tuulize yenyewe."

Akaanza na bomba la moshi. Alimulika ndani kwa tochi akaona limekuwa tupu, vitu vya kupunguza kelele vimetolewa vyote. Akafungua kisanduku cha kuchuja hewa. Kilikuwa kimetobolewa matundu yaliyopangwa kwa mstari, kila ukingo umepigwa tupa ukawa laini.

"Huyu mzee alitaka ipumue sana," Wekesa alisema. "Na hakuwa na haraka. Ona hiyo kazi."

Kisha akafungua plagi, ile inayotoa cheche za kuwashia injini. Ilikuwa nyeupe kama jivu, na kwenye ncha yake kulikuwa na punje ndogondogo za kung'aa, kama fedha iliyoyeyuka. Akaacha utani.

"Hii plagi ni yake ama yako?"

"Niliweka mpya. Mpya si ni mpya?"

"Ya mzee iko wapi?"

Irambona alinyanyua mabega. Ila mimi nilikuwa nayo. Kambini hatukutupa hata msumari uliopinda, na tabia hiyo nimekuja nayo huku. Nilitoa kopo la maziwa chini ya sinki nikampa. Wekesa akaziweka plagi mbili kwenye ngazi, moja kando ya nyingine. Ile ya mzee ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Hivi ndivyo inatakiwa," alisema. "Alipokuachia, ilikuwa nzima."

Akachungulia tena ndani ya kopo. Chini kabisa palikuwa na jeti ya mzee, kile kijipande cha shaba chenye tundu katikati, kinachopima petroli inayoingia kwenye injini. Alikitoa kwa vidole viwili.

"Hii pia mlitoa?"

Irambona alitazama pembeni. "Ilikuwa inakunywa, ndugu yangu. Makere ukipata pikipiki, kitu cha kwanza unabana mafuta. Kila dereva anafanya. Nikaweka ya kwangu."

Ya kwake niliijua. Tulipopata safari ya huku, tajiri wake alichukua bodaboda yake, lakini kaka alikuwa ameshafungua jeti akaificha. Kitu kidogo kuliko karanga. Alikuja nacho kwenye mnyororo wa funguo, akisema ndicho kilichotulisha. Siku aliyoifunga kwenye pikipiki hii alikuwa akiimba. Nilimwambia mlio umebadilika, kwamba ikipanda mwinuko inalia kama bisi zinazopasuka kwenye sufuria. Alicheka akaniambia, "Akimana, basi ngoja ziive ulete chumvi."

Wekesa alifungua kabureta, akatoa jeti ya Makere. Akachomoa uzi mmoja wa brashi ya waya. Kwenye tundu la jeti ya mzee ulipita bila kugusa. Kwenye ya Makere ulikwama.

"Mzee alifungua hewa, halafu akafungua na mafuta yalingane," alisema. "Wewe umeacha hewa yote, ukafunga mafuta. Imejipika, bro. Unaweka petroli gani?"

"Ya bei ya chini."

Wekesa alitikisa kichwa polepole, akachukua spana.

Alipoinua kichwa cha injini sote tuliinama. Pistoni ilikuwa imetuna juu kama andazi, si bapa kama za kawaida, na katikati palikuwa na tundu. Kidole changu kidogo kingeingia. Ukuta wa silinda ulikuwa umechubuka kutoka juu hadi chini.

"Hii pistoni haiko dukani," Wekesa alisema. "Aliichonga ama aliichongesha. Na pistoni kama hii inataka petroli ya bei ya juu. Yote nimeyaona sasa. Naweza kukuchorea vile aliifunga, moja baada ya nyingine."

"Basi itapona," Irambona alisema.

"Nimesema vile aliifunga, buda. Sijasema itapona."

Alifuta mikono. Alisema angempa gari lake kwa wiki moja, lakini kaka hana leseni ya gari. Wekesa akaanza kukusanya spana zake.

Jumapili baada ya kanisa nilimkuta Irambona amechuchumaa nje, anairudisha jeti ya mzee kwenye kabureta. Aliikaza vizuri, bila kuilazimisha. Nikamwuliza ya nini.

"Iwe alivyoiacha."

Ile ya Makere alinipa nitupe. Niliirudisha kwenye kopo.

Simu ikalia. Alikuwa Thacienne, sauti yake ikikatikakatika, na nyuma yake mtoto analia. Aliuliza habari za nyumbani, akauliza kazi.

"Kazi iko," kaka alisema.

"Iwashe basi nisikie."

Irambona aliitazama injini iliyofunguliwa, na jua la mchana lilikuwa likiwaka juu ya bati.

"Leo hapana, mama. Majirani wamelala."

Alipokata simu aliingia ndani. Nilikuwa mezani naipiga pasi sare yake nyeupe ya Jumatatu, nimeshamaliza mkono mmoja.

"Zima pasi," aliniambia.

Nikaizima.