Hapa Ndani Hakuna Hatari

…na begi usilibebe mgongoni, Mkuu anamwambia mgeni kule sebuleni, begi la mgongoni ni mali ya anayekufuata, libebe mbele, likumbatie kama mtoto mchanga, na mgeni anacheka kicheko cha adabu, kile cha mtu aliyejifunza Kiswahili darasani kwao kabla hajapata wa kumchekesha, na huku jikoni mke wa Mkuu anashusha shoka dogo la nyama juu ya goti la ng'ombe, ta, mfupa umepasuka haujakatika, ta, ndiyo, sasa umekatika, vipande viwili vinaachana juu ya kibao na ule weupe wa ndani unajitokeza, weupe ambao mtu hakuumbwa auone, na anawaza kwamba kifundo cha mkono wa mwanamume hakiwezi kulishinda goti la ng'ombe kwa ugumu, kwa vyovyote hakiwezi, tena cha Mkuu kina saa, saa ingemwonyesha pa kukatia… Mungu wangu, Jumamosi mchana kweupe, mgeni hajafungua hata sanduku na yeye tayari anachinja watu, na sanduku lenyewe analiona kupitia upenyo wa pazia, la buluu, limefungwa utepe mwekundu lisije likapotea uwanja wa ndege, mama wa huyu binti ndiye aliyefunga, mafundo ya mama yanajulikana, yanafungwa na mtu asiyelala, na Mkuu mwenyewe yeye hamwoni kutoka hapa, lakini anajua kwamba anahesabu kwa vidole, kila muhula anahesabu kwa vidole, maana ndiye mkuu wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni pale chuoni na mawaidha haya ya kuishi mjini ameyatunga mwenyewe, kidole gumba ni begi, cha shahada ni simu, usiitoe dirishani gari likisimama, kuna vijana humu wana mikono mirefu kuliko akili, ha ha, cha kati ni teksi, kaa kiti cha nyuma, kubaliana bei kabla mlango haujafungwa, na kila kidole kinachoinuka kule yeye huku anakiteremsha, begi, ta, simu, ta, teksi, ta, na vikiisha litakuja lile swali, analisubiri kama mtu anavyosubiri kuchomwa sindano, Mkuu atapandisha sauti, atasema hebu tumuulize mwenye nyumba, mke wangu! hapa ndani kuna hatari? na yeye atajibu kutoka hapa hapa alipo, kwa ile sauti iliyotiwa sukari, hakuna, mgeni, jisikie upo kwenu, na watacheka wote watatu, na chai itanywewa, na mambo yatakuwa yameisha kuanza.

Mke wangu, hiyo ni mbele ya wageni. Wageni wakilala anaitwa we. Wee! kama mtu anayefukuza kuku kwenye mchele. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, na yeye, mtu mzima mwenye shahada mbili, aliyewahi kusimama mbele ya darasa akawaambia vijana wasiikubali methali kabla hawajauliza ilimfaa nani, aliichukua methali hiyo hiyo akaifanya dawa, kweli kabisa, ni yeye aliyesema tupokee wanafunzi, chumba cha nyuma kiko tupu, akidhani macho ya mtu baki yatamfunga Mkuu mikono, na yakamfunga, tusiseme uongo, yalimfunga kiasi, yalimfundisha ratiba, siku hizi kipigo kina muhula, chuo kikifunguliwa anapiga panapositirika, mbavu, paja, mgongo juu kidogo ya kiuno, televisheni imeongezwa sauti na yeye ameng'ata kitambaa, uso ni wa likizo, uso unangoja wageni wapande ndege, hata kupigwa kumeingizwa kwenye kalenda ya chuo, atakayekwambia elimu haimbadilishi mtu mkatalie… na ukivuka barabara, anasema Mkuu, taa usiziamini, amini macho ya dereva. Macho ya dereva, anarudia mgeni taratibu, kama anayeonja chumvi, nimtazame machoni? Mtazame! Akikutazama, atasimama. Asipokutazama, mwanangu, wewe si mtu, wewe ni tuta. Tuta ni nini, baba? Ni ile nundu ya barabarani, gari likifika linapanda juu linapita. Aaa, tuta! na kicheko, na mara hii ni kicheko cha kweli, Mkuu anajua kuchekesha, ndicho kilichomponza yeye miaka ile chuoni, alimpenda kwa meno yake mwenyewe yaliyokuwa nje muda wote kwa kucheka, na sasa moja halipo, la juu, pembeni, halionekani asipocheka sana, basi hacheki sana… na ni kweli tupu hiyo ya dereva, kama mawaidha yote ya Mkuu, hakuna hata moja la uongo, akimpiga hamtazami, anatazama ukuta ulio nyuma yake, mahali fulani palipobanduka rangi, na yeye amewahi kujaribu kuyafuata macho yale, kuyaingilia njiani, nitazame, wewe, nitazame usimame, yakamkwepa yakarudi pale pale penye rangi, na mkono ukapanda juu ukapita. Tuta.

Anaugeuza mfupa. Anaushika kwa vidole vitatu na gumba kwa sababu kile cha mwisho kilipona vibaya, mlango wa kabati, likizo ya mwaka juzi, kimejikunja pembeni kama mtu anayesikiliza nyuma ya mlango, ta, chembe ya mfupa inaruka inampiga shavuni, anaifuta kwa bega, na anamwona Mkuu amelala chali hapa chini kwenye vigae, bila mbwembwe za filamu, bila maneno ya mwisho, amefungua mdomo tu kama aliyetaka kuongeza onyo moja, na damu inafuata mistari ya vigae kwa utaratibu, kulia, kushoto, kulia, kama mgeni mwenye ramani, na yeye anavuta kiti anakaa, anakunywa chai… halafu je? halafu mgeni anaingia na soksi zake kuuliza wapi pa kuoga. Na bafu, anasema Mkuu, bafu letu linateleza, vaa ndala, mama hapa alianguka vibaya muhula uliopita, paji lote la uso. Oo, pole, mama! anapaza sauti mgeni kuelekea pazia. Asante, mwanangu! anajibu yeye, na sukari imejitia yenyewe, hata hakuiagiza, na anajishangaa, maana hilo onyo la bafu ndilo pekee ambalo hakulitunga Mkuu, ni uongo wake yeye mwenyewe, aliutoa siku ile na miwani ya jua usoni mezani asubuhi, niliteleza bafuni, na Mkuu akaupenda, akauingiza kwenye mawaidha, sasa una kidole chake.

Na sasa hili ndilo kubwa kuliko yote, anasema Mkuu, na sauti inashuka, sauti ya baba, wageni huipenda sauti hii, ukisikia vurugu, makelele, watu wanapigana, usitoke, usifungue mlango, usichungulie, jifungie, piga namba hii, namba yangu, saa yoyote. Si polisi? Polisi watakuhoji wewe kwanza mpaka usahau ulichosikia. Mimi. Andika… na shoka limebaki juu, hewani, mkono umekataa kuteremka, kwa sababu ni maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule aliopewa Miwani, binti wa muhula uliopita, jina alilopewa kwa miwani yake mikubwa kama madirisha ya basi, na Miwani alikuwa mwanafunzi mzuri, aliandika, na jioni ile mezani Mkuu akamwambia njia ya nyuma ya soko ni salama hata giza likiingia, wewe pita tu, na yeye, mdomo huu, akasema huku anapakua, hapana, ile si nzuri, juzi tu wamemvua mtu viatu, zunguka barabara kubwa, basi, hilo tu, hakumtukana mtu mama yake, alisahihisha njia, na Mkuu akacheka, akasema umemsikia mama, mama ndiye mji wenyewe, wakala, wakashiba, Miwani akaenda chumbani kusoma, televisheni ikaongezwa sauti… hapa ndani wewe ndiye mwalimu? na nywele zikazungushwa mkononi kama kamba ya ndoo, hapa ndani wewe ndiye mwalimu? na paji la uso kwenye fremu ya mlango, muhula katikati, mtu amesahau kalenda, na swali lile lile kila pigo kama anayetaka jibu kweli, wewe ndiye mwalimu? na yeye naye akasahau kitambaa, akalia, ukelele ukamtoka ambao hakujua anao, wa mnyama aliyeshikwa mguu na mtego, ukaishinda televisheni, ukaishinda nyumba… halafu simu ikaita. Mfukoni mwa Mkuu. Mlio wake ule wa filimbi, wa kijinga, wa mtu mwenye furaha. Na Mkuu, mkono mmoja nywele zingali zimezungushwa, akaitoa kwa mkono wa pili, akaitazama, akaipokea, na sauti ikabadilika papo hapo kama mtu aliyevua koti, ndiyo, mwanangu, nimesikia hata mimi, ni majirani, wamelewa wale, umejifungia? umefanya vizuri sana, baki humo humo, mimi nalishughulikia. Analishughulikia! Damu ilikuwa imeziba jicho moja, na kwa lile la pili alikuwa anauona mlango wa chumba cha nyuma mwisho wa ukumbi, na ule mstari wa mwanga chini yake, na mstari ukazimika.

Aliuchukia ule mstari kuliko alivyoichukia fremu. Mwezi mzima alimpakulia Miwani chakula akitamani kimkwame, mwoga mkubwa wewe, mtoto wa watu unazima taa, na siku ya kuondoka, teksi inanguruma nje na Mkuu anapakia mizigo, Miwani alimkumbatia, akamng'ang'ania, akasema sikioni, nilisikia, mama, na yeye akamjibu hukusikia kitu, mwanangu, safari njema, akamsukuma taratibu mlangoni kama anayesukuma droo… Naelewa, baba, anasema mgeni kule sebuleni, nikisikia watu wanapigana sitatoka, nitakupigia wewe. Safi, anasema Mkuu, hebu nijaribu hapa hapa, nipigie, niione namba yako, na filimbi inalia sebuleni, ile ile, inapenya pazia, inapita jikoni, inagonga vigae, inakwenda mpaka mwisho wa ukumbi na kurudi… na yeye amesimama na shoka juu, akiisikiliza, kwa sababu nyumba hii ni kuta za kadi, filimbi hii inasikika mpaka bafuni maji yakiwa yamefunguliwa, na chumba cha nyuma kinapakana na bafu… basi ilisikika. Ilisikika! Miwani aliibonyeza namba na filimbi ikalia nyuma ya ukuta wake, na Mkuu akasema ni majirani kwenye sikio moja na kwenye ukuta kwa wakati mmoja, yule binti hakudanganyika hata kidogo, alijua palepale gizani, na asubuhi akaja mezani akakuta miwani ya jua, na akasema pole, mama, sakafu zile ni mbaya, na akaomba apitishiwe chumvi, na akaendelea kuomba chumvi mpaka muhula ukaisha… sasa hiyo alijifunza wapi? Si kwa Mkuu, Mkuu alifundisha barabara na teksi. Mji alifundishwa na Mkuu, nyumba alifundishwa na nani? na asije mtu hapa akamwambia kosa ni lake, aliyepiga ndiye aliyepiga, hilo amelisoma na amelifundisha na analijua kwa mbavu zake mwenyewe, lakini hapa ndani wewe ndiye mwalimu? lile swali… eeh, ndiye. Ndiye! Somo lake lilikuwa fupi kuliko yote na halikuhitaji kidole, lilitoka nyuma ya pazia siku ya kwanza, hakuna, mgeni, jisikie upo kwenu, na Miwani aliliandika kichwani na akalifuata barabara, alimtii yeye, si Mkuu, alizima taa kwa kumtii yeye.

Na namba ya mama? anauliza mgeni. Mama? Mkuu anacheka, mama wa nini na namba, mama yupo tu, haendi popote, ukimtaka ita. Halafu kiti kinalia, Mkuu anajiweka sawa, na yeye huku anajua kinachokuja, haya, mwanangu, vidole vimeisha, sasa hebu tumuulize mwenye nyumba, mke wangu! mwambie mgeni, hapa ndani kuna hatari?

Sukari imepanda mpaka kooni, yenyewe, ina miguu yake. Anaimeza. Inashuka kama kipande cha barafu, inakwaruza. Maji ya chai yanaanza kuimba kwenye sufuria, sanduku la buluu limesimama mlangoni na mafundo ya mama wa watu, na shoka bado liko juu, na jinsi ilivyo ajabu, Mkuu hayupo tena chini kwenye vigae, damu haipo, ameondoka mwenyewe, hapa jikoni pamebaki goti la ng'ombe na neno moja dogo ambalo halikati mfupa wowote, na neno hilo ni zito kuliko shoka. Mke wangu? Umesikia? na kwenye hiyo umesikia kuna kamba ya ndoo, imeanza kuzunguka, mgeni hawezi kuisikia, bado, ni mgeni. Analishusha shoka taratibu mpaka linagusa kibao bila kulia.

Nimesikia, anasema. Ipo.