Balbu Iliyowaka

Balbu yangu iliwaka, nikapewa sifuri. Mpaka leo nikikumbuka, damu inanichemka.

Tulikuwa kumi na mmoja kwenye mtihani wa vitendo wa chuo cha ufundi, wanawake wawili tu. Kila mtu alikuwa na betri, balbu ndogo, waya, na dayodi, kile kidude kama punje ya mchele kinachopitisha umeme upande mmoja. Ukikigeuza, hakipitishi kitu. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyetufundisha hivyo, wiki ya kwanza, tena kwa mbwembwe.

Mume wa shangazi, fundi redio, alikuwa ameniahidi kiti kwenye meza yake. "Lete cheti tu, mwanangu. Wateja wanataka kuona karatasi ukutani."

Nikaunganisha kama mchoro ulivyotaka. Balbu kimya. Nikatupa jicho meza za wenzangu: kimya kote.

"Betri zimechoka," mwalimu akasema. "Andikeni mmemaliza."

Zimechoka wapi! Nikapima yangu kwa mita: volti tisa kamili. Mchoro ndio uliokosea. Dayodi ilichorwa kinyume. Nikaichomoa, nikaigeuza, balbu ikawaka.

Mwalimu akaja, mikono nyuma. "Nani kakwambia ugeuze?"

"Mita, mwalimu."

Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka. "Mchoro huu nimeuchora mimi, wewe hujazaliwa." Akaandika sifuri kwenye karatasi yangu, na pembeni: *Hakufuata mchoro.* Wenzangu kumi, balbu zao baridi kama mawe, wakafaulu. Jamani, wakafaulu!

Mume wa shangazi aliisoma ile karatasi mara mbili. "Si ungenyamaza tu, mwanangu?" Hilo liliniuma kuliko sifuri. Kiti changu akapewa mmoja wa wale kumi. Mimi nikaanza peke yangu, kwenye meza ya jikoni, na ilinichukua miaka sita kupata wateja wa kueleweka.

Jana binti yangu alirudi kutoka chuo kile kile na karatasi ya mazoezi. "Mama, nimeunganisha mara tatu. Haiwaki."

Nikavaa miwani. Mchoro ulikuwa ule ule, nakala ya nakala, wino umefifia, dayodi bado imechorwa kinyume. Miaka ishirini na miwili, watu wazima na akili zao, hakuna aliyefungua mdomo!

Nikamwonyesha kosa kwa mita. Akaikunja ile karatasi. "Kesho ndio mtihani. Nifuate mchoro, au nifuate mita?"

Nilikuwa karibu kumwambia anyamaze, apate cheti chake, yaishe. Maneno ya mume wa shangazi yalishafika kwenye ulimi wangu mwenyewe. Nikaona aibu.

Nikamwekea mita yangu kwenye mkoba. "Fuata hii," nikasema. "Na mimi nitakuwa nimesimama mlangoni."