Kibao cha Studio

Mume wangu alikuwa fundi mitambo katika kituo cha redio. Walipobomoa studio ya zamani alirudi nyumbani na kibao kimoja kwapani, amekifunga kwenye shati lake la kazi. Ni kibao chembamba kama kigae, uso wake kioo, kimeandikwa KIMYA. Kikipata umeme wake, herufi zenyewe ndizo zinazowaka, wala hakuna balbu nyuma. Ndani mna unga tu, umepakwa kati ya kioo na bati, na unga huo ndio unaotoa mwanga wa kijani, mpole, usioumiza macho.

Sanduku lililokuwa likikilisha umeme lilibaki kwenye kifusi. Basi kibao kikakaa juu ya kabati la vyombo miaka nenda rudi, nami nakipangusa vumbi kila nikipangusa vikombe.

Mwaka huu macho ya mzee yakaanza kuisha. Daktari alitwambia waziwazi kwamba hayatarudi; kitakachobaki ni kujua tu kama ni mchana au usiku. Mzee akamwita mjukuu wetu, tuliyempa jina la Nukta kwa udogo aliozaliwa nao. Sasa ni mwanamke mzima, fundi wa vyombo vya umeme.

"Mke wangu," akamwambia, "nataka nikione kile kibao kimewaka kabla giza halijaniwahi."

"Mke mkubwa hataona wivu?"

"Mwache huyo. Amekipangusa miaka yote, hakijamsemesha."

Nikamwambia mke mwenzangu afanye kazi, aache mdomo.

Alifanyia kazi kwenye meza yangu ya kulia. Nilimtandikia magazeti, maana lehemu ikidondoka inaunguza mbao. Kibao kile, alinieleza, hakitaki umeme wa betri unaokwenda upande mmoja tu. Kinataka umeme wa kwenda na kurudi, wenye nguvu kuliko wa betri mara nyingi, tena wenye kasi kuliko huu wa ukutani. Akatoa transfoma ndogo kwenye redio mbovu, akaifunga kinyumenyume ili umeme mdogo uingie, mkubwa utoke. Akaweka transista mbili za kusukuma kwa zamu, na kitufe cha kuzungusha cha kuongeza kasi.

Sanduku la kwanza aliliunguza. Kwa kukiogopea kibao, alilijaribu tupu, halijaunganishwa na kitu. Likapiga mluzi kama mbu mwenye hasira, kisha pa, na harufu ikajaa mpaka jikoni. Umeme ulikosa pa kwenda, ukapanda ukala transista.

"Umepika, mlaji hayupo," mzee akasema, anacheka. "Sisi kazini ilikuwa kibao kwanza, ndipo umeme."

"Ungesema mapema, Babu."

"Ungeuliza mapema, mke."

La pili alilimaliza alasiri moja. Akaunganisha kibao, akawasha. Mimi nikaona herufi zinaamka, hafifu, nikajikuta natabasamu peke yangu.

"Haya, washa basi," mzee akasema.

"Nimeshawasha, Babu."

Hapo utani uliisha. Nukta akazungusha kitufe. Mluzi ukapanda, mwanga ukaongezeka, lakini kijani kikaanza kugeuka bluu. Akakirudisha upesi.

"Nikiendelea hivi unga utachoka. Utakiona leo, kesho ni kigae tu."

"Kaza. Kesho mimi na kigae tutakuwa sawasawa."

Neno hilo lilimchoma Nukta. Nikaona vidole vyake vinarudi kwenye kitufe.

"Ngojeni kwanza," nikasema. "Jua limejaa humu hadi sahani zinameremeta. Nani atakiona kibao hapa?"

Nikaleta mablanketi, nikayatundika madirishani, nikasokomeza tambara chini ya mlango. Nukta akazima. Nikawaambia tukae tu, macho yazoee. Tukakaa gizani, kila mtu na pumzi zake, mpaka nikaanza kuona ukingo wa meza.

"Sasa," nikasema.

Ule mluzi mwembamba ukaanza. KIMYA, kwa kijani kilekile.



"Babu, unakiona?"

Hakujibu.

"Babu?"

Mkono wa Nukta ukaanza kupapasa kitufe. Kwa mwanga ule mdogo nikamtazama mzee: ameinua kiganja mbele yetu. Kiganja hicho nakijua. Zamani nilimpelekea chakula kazini, nikafungua mlango naongea, naye akanisimamisha hivyohivyo, kwa sababu kibao kilikuwa kimewaka na mtangazaji yuko hewani. Nikamshika Nukta mkono asizungushe.

Tukanyamaza wote. Baadaye mzee akashusha kiganja taratibu, Nukta akazima.

"Ungekuwa studio wangekufukuza," mzee akasema. "Kibao kimewaka, wewe unapayuka."

"Umekiona kweli, au unataka tu kunifurahisha?"

"Mguu wa ile Y, chini kabisa, pana doa jeusi. Zamani halikuwepo."

Nami nilikuwa nimeliona doa hilo muda uleule, dogo kama punje ya mchele. Kikiwa kimezimwa halionekani, hata kwangu niliyekipangusa miaka yote.

"Lipo," nikamwambia Nukta. Alikuwa analia.

"Washa tena, mke wangu," mzee akasema. "Mdomo kwanza ufungwe, ndipo umeme."

Mablanketi bado yako madirishani. Jirani akiuliza mbona tumejifungia mchana kutwa, namwambia mzee yuko kazini.