Pikapu ya Shemeji

Tangu mwanzo nilimwambia Clemens tuagize gari Japani. Miezi miwili mitatu tutavumilia. Migebuka yangu, samaki ninaowatoa ziwani Kabwe kuja kuwauza sokoni, imepanda malori ya watu miaka yote, haitashindwa kupanda msimu mmoja zaidi. Mume wangu akasema kuagiza ni kununua picha kwenye simu. Gari lililotumika hapahapa unamjua fundi wake, unaijua na milima liliyoipanda.

Mimi ile aliyokuwa akiisema naijua mno. Ni pikapu ya Modesti, kaka yake. Miaka miwili iliyopita Modesti aliteremka nayo kwenda Wampembe, breki zikakataa kwenye mteremko, na binti yetu Hellena, aliyekaa mbele, akafia palepale. Alikuwa na miaka kumi na sita. Pikapu ikanyooshwa, ikapigwa rangi. Mwezi uliopita Modesti akamwita Clemens, akamwambia anaiuza, na kwamba anaanza na ndugu kabla ya watu wa nje.

Huo ndio mtego. Katika ukoo wa mume wangu, ndugu akikutanguliza kwa kitu chake, kukataa ni kumtukana. Tukiagiza Japani, mtaa wetu mzima wa Chanji utasema tunamwita Modesti muuaji. Clemens alitaka tuinunue ili jambo liishe. Nilimwuliza litaisha vipi, nami nitakalia kiti kile kila asubuhi nikienda sokoni? Akatoka kwenda kuangalia mahindi yake. Najua hata hilo la Japani huenda kuna mtu alifia ndani yake. Lakini huyo sikumzaa mimi.

Jumapili baada ya misa nikaenda kwa Modesti peke yangu, nimekasirika. Shikamoo yenyewe niliitoa kwa shida. Akanipa kigoda, sikukaa. Nikamwambia Clemens ameamua kuichukua pikapu, nikamkazia macho nione atafurahi kiasi gani.

Modesti akaweka kikombe chake chini.

“Shemeji, msiichukue. Niliwaambia ninyi kwanza kwa sababu ndivyo inavyopasa, lakini kila siku nasali mkatae. Nitawezaje kuiona ikipita hapa, na wewe umekaa mbele?”

Kisha akanieleza jambo ambalo sikumwuliza. Asubuhi ile, kabla hawajaondoka, alijua breki zimechoka. Alidhani zitamfikisha Wampembe, azitengeneze akirudi.

Nikakaa kwenye kigoda nilichokikataa. Nilikuja nimejiandaa kugombana na mtu mwenye kiburi, nikamkuta huyu. Nililia, sikujificha. Nilipoweza kusema, nikamwambia tutaagiza Japani, na asidhani kwamba nimemsamehe, kwa sababu bado.

Hakuniomba chochote. Alikuwa anatazama mikono yake.

“Hata mimi sijajisamehe, shemeji.”